Jino Likirudi Tutaona

Mimi Yunisi sina subira, nakwambia mapema usije ukanishangaa huko mbele. Nauza dagaa ufukweni Kibirizi tangu wanangu wakiwa mgongoni, na sasa wana watoto wao huko Mwanza. Mteja akinizungusha kwenye bei namwambia apite, wanunuzi ni wengi. Lakini yule binti alinizungusha kichwa bila hata kupaza sauti, na mpaka leo nikikaa peke yangu najiuliza siku zile nilikuwa nawaza nini.

Alikuja asubuhi, mimi nimeinama nageuza dagaa kwenye turubai. Akashuka kwenye boti la mizigo lililotoka ng'ambo, Kalemie, na begi moja na kitenge kiunoni. Akawauliza wapagazi yuko wapi Feliksi Mwanya. Mmoja wao akanyoosha kidole kwangu. Feliksi Mwanya alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na wakati ule alikuwa anakaribia mwaka kaburini.

"Jambo, mama," akasema, mkono umefunika mdomo. "Niko natafuta baba yangu."

"Baba yako ni nani?"

"Feliksi. Watu wanamwita Feliksi Mwanya."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wapagazi, maana wale watu hawana adabu. Yeye hakucheka. Basi nikamwambia, Feliksi amefariki, tumemzika Ujiji. Akakaa chini palepale alipokuwa, juu ya dagaa wangu ambao hawajakauka, na nilipofungua mdomo nimfokee nikakuta nimeshamshika bega. Alilia mkono ukiwa bado mdomoni. Nikamwona mtu wa ajabu, mtu gani analia anaficha mdomo badala ya macho.

Alipoutoa mkono ndipo nikaelewa. Jino la mbele, la juu, la upande wa kulia, halikuwepo.

Sasa lazima nikueleze habari ya mwanya, bila hivyo hutanielewa. Ukoo wetu, tangu babu aliyevuka ziwa kutoka Fizi akajenga Ujiji, tuna nafasi katikati ya yale meno mawili ya mbele ya juu. Mimi ninayo. Feliksi yake ilikuwa pana mpaka akawa jina, akitabasamu ufukweni wasichana wanasahau bei. Mama yetu, Bibi Marsiana, yeye aliolewa tu kwenye ukoo huu, meno yake yamebanana kama punje za hindi, na nadhani ndiyo maana anauheshimu mwanya kuliko sisi tuliozaliwa nao. Mtoto wa ukoo akishaota meno ya ukubwa, Mama huchukua njiti ya mchikichi, hizi za kutengenezea ufagio, anaiosha, anamwambia mtoto acheke, anaipitisha mwanyani. Ikipita anasema, "Karibu nyumbani," na mtoto anapewa kichwa cha samaki mgebuka siku hiyo. Feliksi alipitishwa, mimi nilipitishwa. Hata wanangu aliwapitisha, ingawa wao ni wa ukoo wa baba yao na baba yao alinuna wiki nzima.

Kwa hiyo unaona balaa lenyewe. Binti anasema ni wa Feliksi, na mahali penyewe pa ushahidi pana shimo.

Nilimpeleka Ujiji siku ileile. Mama alikuwa uani akichuna njiti. Macho yake yana ukungu siku hizi, anaona mwanga na kivuli basi, lakini vidole havijazeeka. Nikamwambia, Mama, kuna mtoto kavuka ziwa, anasema Feliksi ni baba yake. Hakushtuka. Akapangusa mikono kwenye kanga, akamvuta yule binti kwa kiwiko, akaanza kumpapasa paji, masikio, shingo. Alipofika mdomoni vidole vikasimama.

"Jino liko wapi?"

"Lilivunjika, Bibi. Nilianguka na baiskeli, niko mtoto, nimebeba maji."

"Na kabla ya kuvunjika? Mwanya ulikuwepo?"

"Sijui, Bibi. Mama alisema tu, uko na mdomo wa baba yako."

"Mdomo siyo mwanya," akasema Mama. "Mama yako naye anasemaje?"

Mama yake, Elida, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na ni kitandani mwake ndipo alipolitaja jina la Feliksi kwa mara ya kwanza. Nikamwuliza binti, Agape ndilo jina lake, kama ana picha hata moja ya utotoni. Akasema picha zote zilikwenda na maji ziwa lilipopanda likaingia nyumbani kwao. Hilo sikuweza kulibishia, hata huku kwetu ziwa lilipanda likameza nyumba za watu. Picha za ukubwani zilikuwepo kwenye simu yake. Zote kafunga mdomo.

Mama akarudi kwenye njiti zake. Alichuna moja, akachuna nyingine, sisi tumesimama tu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwisho akasema:

"Yunisi, mpeleke wamrudishie jino. Jino likirudi tutaona."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwuliza, tutaona nini? Akasema tutaona kama ni wetu, fundi akirudisha jino, mwanya nao utarudi kama ulikuwepo. Nikamwambia, Mama, jino la bandia linatengenezwa, fundi analifanya vyovyote anavyotaka. Akaniuliza, kama ni vyovyote, mbona watu wanahangaika kwenda kwa fundi, si wachonge tu kijiti waweke? Mama alikulia wakati ambapo jino likiuma linang'olewa, kwisha habari. Kichwani mwake kurudisha jino ilikuwa kama kupanda pingili ya muhogo, kinachochipua ni muhogo uleule.

"Na tuone kabla ya msalaba," akamalizia.

Msalaba ndio uliokuwa jambo lenyewe. Tulikuwa tumepanga kuweka msalaba kwenye kaburi la Feliksi akitimiza mwaka. Kwetu mtoto wa marehemu ndiye anayeubeba, kutoka nyumbani mpaka kaburini, na ukoo wote unatembea nyuma yake. Feliksi hatukumjua kuwa na mtoto, alikuwa mtu wa kuvuka na vitenge na sabuni, leo huku kesho kule, ndoa ilimpita hivihivi. Kwa hiyo ilikuwa niubebe mimi. Na huyu Agape, aliposikia habari ya msalaba, aliomba hicho kitu kimoja tu. Nyumba ya marehemu hakuiulizia, wala vyombo vyake.

"Sikumkuta mzima," akaniambia tukiwa njiani kurudi. "Basi niache nimpeleke msalaba wake. Mtoto anafanya nini kingine?"

Nikamwambia mtoto wa nani, hilo ndilo swali. Akainamisha uso, na mimi nikajichukia mpaka tunafika.

Alikaa kwangu Gungu. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kwenda mrama. Asubuhi anafagia uwanja, anainama, namwona Feliksi mtupu, mgongo ule, namna ile ya kuhamisha ufagio mkono wa kushoto akichoka. Jioni anakaa mezani na ni mgeni kabisa, pua ya watu nisiowajua, sauti ya watu nisiowajua. Alikuwa anamla mgebuka kuanzia mkiani. Feliksi alikuwa anaanzia mkiani. Nikaweka tonge chini. Kisha nikakumbuka kwamba hata yule shemeji yangu wa Mwandiga anaanzia mkiani, na yeye si wa Feliksi.

Siku moja aliniita shangazi. Ilimtoka tu, anauliza chumvi iko wapi. Nikamwambia, "Subiri kwanza." Kuanzia pale akaniita mama Yunisi, kwa adabu, na kila akiliita lile jina ninasikia kama nimemfungia mlango mvua inanyesha.

Nikamwuliza rafiki yangu Catherine, tunauza naye dagaa turubai kwa turubai. Jumatatu Catherine alisema, "Shoga, angalia sana, watu wanakuja na hadithi." Jumanne akasema, "Lakini Yunisi, si umeona miguu yake? Hiyo ni miguu ya kwenu." Jumatano akasema kuna kipimo cha vinasaba. Nikamwambia kipimo hicho kinataka safari na vibali, na mwenyewe wa kupimwa yuko ardhini, tumfukue tumwambie Feliksi samahani kidogo? Catherine akacheka mpaka akamkosa mteja. Mimi sikucheka. Nilitaka mtu mmoja aniambie ndiyo au hapana nikalale.

Kwa fundi wa meno tulikwenda Mwanga. Kliniki yake ipo ghorofani, chini kuna mafundi cherehani wamejipanga barazani, kwa hiyo mashine ya meno ikianza kulia juu hujui ni jino linasagwa au suruali inashonwa. Dokta Nehemia ni Muha wa Kasulu, kijana mwenye mikono mikubwa. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," nikamwitikia, akafurahi, akadhani mimi ni wa kwao. Sikumsahihisha. Nina mambo mengi.

Alimlaza Agape kwenye kiti, akamulika, akachungulia. Akatueleza vizuri, hilo silikatai. Akasema jino lililokosekana litawekewa daraja. Yaani meno mawili yaliyo jirani na pengo yanasagwa kidogo pande zote, yanavalishwa kofia, na katikati ya hizo kofia linaning'inia jino la bandia, vyote vimeungana kitu kimoja, kama watu watatu walioshikana mikono na wa katikati hana miguu. Kwanza angetengeneza daraja la muda, la plastiki, amfunge nalo siku hiyohiyo. Kisha achukue alama ya mdomo aipeleke Dar es Salaam, huko wafinyange lile la kudumu. Nikamwambia sawa, sisi tunataka kabla ya Jumamosi, siku ya msalaba, awe na jino. Akasema la muda litakuwepo.

Halafu akauliza lile swali.

"Kabla sijasaga, nijue kitu kimoja. Alikuwa na mwanya?"

Nikamwuliza, "Dokta, wewe ndiye uliyesoma. Huwezi kuona?"

"Nimeangalia. Jino lilitoka akiwa mdogo. Likitoka mapema hivyo, meno jirani hayatulii, yanasogea kuziba pengo. Hapa yamesogea. Mwanya ungekuwepo au usingekuwepo, sasa pangeonekana hivihivi." Akageuka kwangu, akaniangalia mdomo, kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo. "Wewe mama unao. Ni mwanao?"

Nikaufunika mdomo kwa kanga.

"Nauliza kwa sababu kazi ni mbili tofauti," akaendelea. "Nikiunganisha pande zote mbili, mwanya hautakuwepo. Mkitaka mwanya, bandia litashikwa upande wa kulia peke yake, na jino hili la kushoto liachwe lisiguswe. Jino nililosaga silirudishi. Kwa hiyo niambieni sasa. Niweke mwanya au nizibe?"

Yaani nilipanda ngazi zile nikidhani nakwenda kupata jibu, kumbe nimeitwa kulitoa. Chini cherehani zilikuwa zinakwenda tu. Nikisema weka, Mama atapitisha njiti yake, itapita, atamwambia karibu nyumbani, na Jumamosi binti atabeba msalaba mbele ya ukoo kwa mwanya nilioagiza mimi kama mtu anavyoagiza kola ya gauni. Na kama si wa Feliksi? Nitakuwa nimemvisha marehemu mtoto asiye wake, mbele ya kaburi lake, naye hawezi hata kukanusha. Nikisema ziba, na kama ni wake? Basi nitakuwa nimelifuta kwa mkono wangu tone la damu alilotuachia kaka yangu, la pekee. Nilikuwa nataka vyote viwili. Sikutaka hata kimoja. Mimi ambaye nikiona dagaa tu najua wamelala siku ngapi, nimesimama pale mdomo wazi, mwanya wangu nje.

"Mwulize mwenyewe," nikasema. "Mdomo ni wake."

Nasema ukweli, nilitaka adanganye. Nilitaka aseme, ndiyo dokta, nilikuwa nao, ili mambo yaende, halafu ikija kuharibika nimlaumu yeye. Agape alikuwa amelala chali, taa usoni. Aliniangalia mimi kwanza, kisha dari.

"Sikumbuki, dokta," akasema. "Nikiweka mwanya, nitakuwa nimesema kitu sikijui. Ziba."

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana ninasema ziba."

Dokta akachukua sindano ya ganzi. Nikatoka nikakaa kwenye benchi. Nilimkasirikia yule mtoto kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Tapeli gani anaiacha nafasi kama ile, amewekewa mlango wazi na anaufunga mwenyewe? Basi si tapeli. Nikatulia kidogo. Kisha nikawaza, au ni tapeli mwenye akili zaidi, anajua nikimwona mkweli moyo wangu utalainika. Basi ni tapeli. Mashine ikawa inalia huko ndani, nami nageuka upande huu na upande ule kama dagaa kwenye turubai.

Alitoka uso umevimba upande mmoja kwa ganzi, na jino. Lilikuwa jeupe kidogo kuliko mengine, limebanana na wenzake sawasawa, hakuna pa kupitisha hata uzi. Alikuwa amezoea kufunika mdomo, kwa hiyo mkono ulipanda wenyewe, akaukumbuka, akaushusha. Hakujua auweke wapi. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Alikuwa mzuri na hakufanana na sisi hata chembe.

"Umekasirika, mama Yunisi?" akaniuliza kwenye ngazi.

"Sijui nilivyo," nikamwambia. "Niache kwanza."

Tukapanda bodaboda mbili mpaka Ujiji. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mama. Nilitaka nimwambie, Mama, hili ni la muda, usipime kwanza, ngoja la kudumu. Nilitaka nimwambie, Mama, mchunguze moyo, wacha meno. Tulipofika maneno yote yalikuwa yameishia barabarani, na Mama alikuwa uani, ameshaandaa njiti. Alikuwa ameichagua, ameikata urefu wa kidole, ameilaza kwenye kibakuli cha maji.

"Limerudi?" akauliza.

"Limerudi, Bibi," akasema Agape.

"Njoo."

Agape akapiga magoti mbele ya kigoda cha Mama. Mimi nikabaki mlangoni, nimeshika nguzo. Mama akamshika kidevu kwa mkono mmoja, akamwambia acheke. Mtoto wa watu akacheka huku machozi yanamtoka. Mama akapapasa meno kwa kidole gumba, akafika katikati, akaleta njiti.

Haikupita.

Akaigeuza upande mwembamba, akajaribu tena. Akabonyeza kidogo. Nilimwona Agape amefumba macho, mikono ameibana kwenye magoti. Nilitaka nipige kelele kwamba dokta alituuliza, kwamba angeweza kuweka, kwamba huyu ndiye aliyekataa kusema asichokijua. Nilitaka kumwambia Mama kwamba mimi namtaka. Hilo ndilo lililonishtua. Siku zote zile sikujua ninachotaka, na njiti ilipogoma ndipo nikajua. Nilimtaka, awe wa nani awe.

Mama akaitoa njiti mdomoni, akaishika mbele ya macho yake yenye ukungu kana kwamba anaiona. Akaguna.

"Huyu fundi hajui kazi," akasema.

Akairudisha njiti kwenye kibakuli.

"Kaziba," akaendelea Mama, sasa ameanza kuchukia, na hasira zangu nimezirithi kwake. "Kaziba mwanya wa mtoto. Kazi ya mchana kutwa, halafu anasahau kuacha njia. Shangazi yako alikupeleka kwa fundi gani huyu?"

Agape akafumbua macho. Akanigeukia, akamgeukia Mama.

"Lakini Bibi, labda sikuwa nao. Ni mimi nilimwambia azibe. Nilisema sikumbuki."

"Utakumbuka nini, ulikuwa mtoto," akasema Mama. "Mtu mzima ndiye anayekumbuka. Yunisi, umesimama nini hapo kama nguzo ya pili? Mrudishe Jumatatu. Jumamosi atabeba msalaba hivyohivyo, watu watatuvumilia. Lakini sitaki kufa nimeacha mjukuu ameharibiwa mdomo."

Mimi sijui Mama aliwaza nini siku ile. Nimemwuliza, anasema hakuwaza kitu, alipima akaona fundi kakosea. Labda alishajua tangu siku ya kwanza alipompapasa masikio, na njiti ilikuwa ni kazi ya kukamilisha tu. Labda hakujua, akachoka kutojua. Labda ni kweli anaamini fundi alisahau. Nimegeuza jambo hili kila upande na halikauki.

Jumamosi Agape alibeba msalaba. Ni msalaba wa mninga, mzito, mwanamume mmoja akataka kumpokea katikati ya njia, Agape akakataa. Nilitembea nyuma yake. Watu walikuwa wananong'ona kuuliza huyu ni nani, na kila aliyeuliza karibu nami nilimjibu kwa sauti, mtoto wa Feliksi, una swali lingine?

Jumatatu tukapanda zile ngazi za Mwanga tena. Dokta Nehemia alitusikiliza, akashika kiuno. Akasema kwa bahati alama ya mdomo bado haijaondoka kwenda Dar, lakini jino la kushoto ameshalisaga, sasa itabidi livae kofia yake peke yake, na upande wa kulia asage na lile la chonge ili bandia lipate mshiko wa kutosha. Akasema tungemwambia mapema. Nikamwambia tusingeweza, hatukuwa tunajua.

"Na sasa mnajua?" Akamgeukia Agape. "Umekumbuka?"

"Hapana," akasema Agape. "Bibi ndiye aliyekumbuka."

Dokta akaniangalia, labda nimsaidie kuelewa. Na mimi nilikuwa sijaelewa, nimsaidie nini? Akatikisa kichwa, akavaa glavu.

"Haya. Mwanya wa upana gani? Nipeni kipimo."

Agape akafungua begi lake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na njiti ya mchikichi, urefu wa kidole, imeoshwa.

"Bibi amesema hii ipite," akasema. "Isibane, isilegee. Na amesema ukiwa na wasiwasi, pima kwanza kwa shangazi."

Dokta akaipokea njiti, akaiangalia muda, akaenda kuisafisha kwa spiriti. Mimi nikakaa kwenye kiti, nikaegemea, taa ikawashwa, nikafungua mdomo.